Mdalasini upi, pilipili ipi? Viungo vinavyokaribiana na jinsi ya kuvichagua

Viungo vingi vya jikoni vina ndugu zake, na hapo ndipo uchaguzi unapoharibika. Pakiti mbili zinaweza kuandikwa mdalasini, kumbe ndani mna magome ya miti miwili. Bizari nyembamba na kisibiti ni vigumu kuvitofautisha kwa kutupa jicho tu. Manjano husifiwa kuwa zafarani ya asiye na fedha, sifa ambayo ni ya kweli kwa macho na ya uongo kwa ulimi. Hapa nimevikutanisha viungo vya namna hiyo, nikieleza kila kimoja kilikotoka, kazi yake, na mimi ningechukua kipi. Swali langu halibadiliki: kile tunachokifuata ndani ya kiungo, iwe harufu, rangi au ukali, kinatolewa na maji au na mafuta, na kinastahimili moto kwa muda gani?

Mdalasini wa Sri Lanka na kasia

Mti uitwao Cinnamomum verum ni wa Sri Lanka. Kasia ni kundi la jamaa zake: Cinnamomum cassia wa kusini mwa China, Cinnamomum burmannii wa Indonesia na Cinnamomum loureiroi wa Vietnam. Mdalasini mwingi unaouzwa duniani ni kasia, hata pale ambapo pakiti haisemi hivyo.

Vijiti vizima havidanganyi. Ule wa Sri Lanka ni gome la ndani tu, jembamba kama karatasi, limekunjwa tabaka juu ya tabaka hadi kijiti kikajaa ndani. Rangi yake ni kahawia hafifu na huvunjika kwa vidole. Kasia ni gome nene la tabaka moja, limejikunja kutoka pande mbili na kuacha uwazi katikati, rangi imekolea kuelekea wekundu, na kuisaga kwa mashine ndogo ya nyumbani ni kuitafutia mashine hiyo kifo. Ukinunua unga, macho hayana msaada mkubwa. Tegemea maandishi ya pakiti na pua yako.

Asili ya gome hili ilifichwa kwa karne nyingi. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, katika karne ya 5 KK aliandika kwamba ndege wakubwa wa Uarabuni hujengea viota vyao kwa vijiti vya mdalasini juu ya majabali, na kwamba watu huwawekea mapande mazito ya nyama ili ndege wakiyapandisha, viota vibomoke na vijiti vianguke. Hadithi ya namna hiyo haimpunguzii mfanyabiashara faida hata kidogo. Wareno walifika Sri Lanka mwaka 1505, Waholanzi wakawa wamewang'oa kufikia 1658, Waingereza wakaitwaa pwani hiyo mwaka 1796, na gome hili lilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyataka wote watatu.

Ladha inayotambulika mara moja kuwa ni ya mdalasini hutokana na sinamaldehidi, na magome yote mawili yanayo. Kasia ina nguvu zaidi: tamu, yenye kuchoma kidogo, isiyo na haya. Mdalasini wa Sri Lanka una pia kiasi cha eujeno, mafuta yale yale yanayonukisha karafuu, kwa hiyo harufu yake ni laini na ina pande nyingi. Chungu cha nyama kitakachochemka saa mbili kipe kasia. Ule mwembamba utapotea humo na utakuwa umeutupa bure. Maziwa, matunda yaliyopikwa, chai na vitamu vya baridi vipe ule wa Sri Lanka. Kwenye mikate na biskuti, mimi ni mtu wa kasia, ingawa najua wapishi wazuri watakaonibishia.

Kuna jambo moja ambalo si la ladha. Kasia ina kumarini, kemikali ambayo ikiliwa kwa wingi kwa muda mrefu inaweza kudhuru ini kwa watu wenye miili inayoathirika nayo. Mamlaka ya Umoja wa Ulaya ya usalama wa chakula imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, yaani miligramu 6 kwa mtu wa kilo 60. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa kasia, kutegemea gome lenyewe, kinaweza kufika hapo au kupita. Mdalasini wa Sri Lanka una kumarini kidogo mno. Kwa anayeunyunyiza kwenye uji kila asubuhi, sioni mjadala: achukue wa Sri Lanka. Anayeoka keki mara moja moja hana sababu ya kukosa usingizi.

Pilipili manga na pilipili kali

Pilipili manga nyeusi, nyeupe na ya kijani zote ni tunda la mmea mmoja utambaao, Piper nigrum, wa pwani ya Malabar kusini magharibi mwa India. Tofauti ni ya kazi ya mikono. Nyeusi huchumwa kabla haijaiva na kuanikwa, ganda likajikunja na kuwa jeusi. Nyeupe huachwa iive, ikalowekwa majini mpaka ganda lioze na kuondoka, ikabaki mbegu peke yake. Ya kijani huchumwa changa na kuhifadhiwa kwenye maji ya chumvi au kukaushwa kwa njia ya kuganda ili rangi isiondoke.

Sehemu kubwa ya harufu imo kwenye ganda, na ukali, yaani piperini, umo ndani. Kwa hiyo nyeupe inachoma bila kunukia sana, na ile iliyolowekwa vibaya huja na mnuko wa zizi. Wanaoipenda huitia kwenye michuzi myeupe ili isionekane madoa. Mimi nayavumilia madoa. Ya kijani ni kitu kingine kabisa, laini na yenye uchangamfu wa jani, na inastahili kununuliwa kwa ajili yake yenyewe, hasa kwa samaki.

Zamani kiungo hiki kilikuwa sawa na fedha. Alaric, mfalme wa Wavisigothi, alipouzingira mji wa Roma mwaka 408, sehemu ya kikomboleo alichodai ilikuwa ratili 3,000 za pilipili. Vasco da Gama alipofika Calicut mwaka 1498, pilipili ilikuwa katika orodha ya mambo yaliyomvusha bahari. Leo nchi inayoongoza kwa kuizalisha ni Vietnam.

Pilipili kali zote, ndefu kwa fupi, nyekundu kwa kijani, ni za jenasi ya Capsicum na asili yake ni bara la Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, hakuna mpishi wa Asia, Afrika wala Ulaya aliyewahi kuitia chunguni. Ukali wake ni wa kapsaisini, ambayo haiyeyuki vizuri katika maji. Ndiyo maana kugugumia maji baada ya kuungua mdomo ni kuusambaza moto, ilhali maziwa huutuliza. Na mbegu zinasingiziwa: kapsaisini hutengenezwa kwenye nyama ile nyeupe iliyozishikilia. Kwangua hiyo na utakuwa umeondoa sehemu kubwa ya ukali. Mwaka 1912 mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville alibuni kipimo cha ukali kwa kuyeyusha dondoo la pilipili katika maji ya sukari hadi waonjaji wasihisi tena kitu, na vipimo vya leo bado vina jina lake.

Katika kuchagua, usizibadilishane hizi mbili. Pilipili kali hupikwa tangu mwanzo na ukali wake hauondoki kwa moto. Pilipili manga hupoteza harufu ikichemshwa sana, ikabaki kuchoma tu, kwa hiyo isage mwishoni, chakula kikiwa tayari. Supu isiyo na uhai mara nyingi haikukosa pilipili. Ilitiwa mapema mno.

Manjano na zafarani

Hizi mbili hulinganishwa kila siku kwa sababu ya rangi, na kwa kila kitu kingine hazina uhusiano. Manjano ni tunguu la Curcuma longa, jamaa ya tangawizi kutoka Asia ya Kusini. Huchemshwa, hukaushwa na kusagwa. Zafarani ni nyuzi za ua la Crocus sativus, tatu tu kwa kila ua, zinazochumwa kwa mkono. Kilo moja ya nyuzi kavu hudai maua 150,000 hivi au zaidi. Mmea wenyewe ni tasa. Hautoi mbegu na haujulikani porini, kila shamba linapandwa kwa tunguu zilizogawanywa na binadamu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa ulitokana na Crocus cartwrightianus wa Ugiriki. Siku hizi zafarani nyingi ya dunia inatoka Iran.

Sasa turudi kwenye swali la maji na mafuta, maana hapa ndipo linapoamua kila kitu. Rangi ya zafarani ni krosini, na krosini huyeyuka katika maji. Ukizitupa nyuzi kwenye mafuta ya moto umeziua. Ziponde kidogo, zitie kwenye maji ya uvuguvugu au maziwa kwa dakika ishirini, kisha mimina maji hayo chunguni karibu na mwisho. Rangi ya manjano ni kurkumini, inayokataa maji na kukubali mafuta. Ikaange kwa nusu dakika pamoja na vitunguu ili ule ubichi wa udongo uondoke, ndipo utie maji. Mtu anayeimwaga kwenye maji yanayochemka hupata rangi isiyokaa sawa na uchungu.

Kwa ladha, zafarani ina asali, nyasi kavu na uchungu wa mbali, na ikizidi hunuka dawa ya hospitali. Manjano ina udongo na ukakasi, na kazi yake ni kuwa msingi wa mchanganyiko, si kusimama peke yake. Kwa hiyo ukiambiwa utie zafarani na huna, na unachotaka ni wali wa njano, tia manjano kidogo na usijilaumu. Kama chakula kimejengwa juu ya zafarani yenyewe, kama vile maziwa matamu au supu nyepesi ya samaki, acha kabisa. Manjano hapo itaharibu, na chakula kitupu bila kiungo chochote kingekuwa heri.

Udanganyifu umeandama vyote viwili. Katika karne ya 15 mji wa Nuremberg uliwachoma moto waliochakachua zafarani. Siku hizi hughushiwa kwa petali za alizeti-zafarani, ua linalofahamika kwa wataalamu kama Carthamus tinctorius, au kwa nyuzi zilizotiwa rangi. Tia nyuzi chache kwenye maji: za kweli huachia njano polepole na zenyewe zikabaki nyekundu, za uongo hutoa rangi nyekundu papo hapo na kupauka. Unga wa zafarani sinunui, na sioni kwa nini mtu anunue kitu cha thamani hiyo kikiwa kimeshafichwa umbo lake. Upande wa manjano hatari ni kubwa zaidi kwa mwili. Nchini Bangladesh watafiti walikuta tunguu zimeng'arishwa kwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye sumu, ili zivutie, na mwaka 2019 serikali ilianza kuwabana wauzaji. Njano inayong'aa kupita kawaida isikufurahishe. Chagua mzalishaji anayepima bidhaa zake.

Kungumanga na basibasi

Mti ni mmoja, Myristica fragrans, na tunda ni moja. Likipasuka, ndani mna mbegu ya kahawia iliyovikwa wavu mwekundu. Wavu ukikaushwa ni basibasi, kiini cha mbegu ni kungumanga.

Hadi karne ya 18 viungo hivi vilitoka karibu vyote kwenye visiwa vidogo vya Banda, katika Indonesia ya leo. Mwaka 1621 Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, chini ya Jan Pieterszoon Coen, iliwaua, kuwafukuza au kuwafanya watumwa wenyeji walio wengi ili ibaki na biashara peke yake. Kisiwa kimoja, Run, kilikuwa kikidaiwa na Waingereza. Kwa mkataba wa Breda wa mwaka 1667 kilibaki mikononi mwa Waholanzi, nao Waingereza wakabaki na Manhattan. Run ina urefu wa kilomita tatu hivi. Ukiritimba ulivunjika kwa miche: Mfaransa Pierre Poivre alifanikisha kuipeleka Mauritius mnamo 1770, na baadaye Waingereza wakaisambaza katika makoloni yao. Grenada iliifanya kuwa zao lake hadi ikaichora kwenye bendera.

Kungumanga ni nzito na tamu. Basibasi ni nyepesi, ina kaukali ka pilipili, na huacha rangi ya chungwa hafifu. Ya kwanza huparuzwa mwishoni juu ya maziwa, viazi, mboga za majani au keki. Ya pili hustahimili kuchemka, hivyo tupia kipande kizima kwenye supu na ukitoe baadaye. Ukiwa na nafasi ya moja tu, nunua kungumanga nzima na kikwaruzo kidogo. Hukaa miaka bila kupoteza kitu, wakati unga wake hufa ndani ya miezi. Angalizo: vijiko kadhaa vya kungumanga ni sumu, huleta kutapika na mazigazi. Kipimo cha jikoni ni robo kijiko.

Iliki ya kijani na nyeusi

Nitapita haraka kwa kuwa uamuzi ni rahisi. Ya kijani, Elettaria cardamomum, ni ya milima ya kusini magharibi mwa India, ingawa Guatemala, iliyoipokea mwanzoni mwa karne ya 20, imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa duniani. Nyeusi, Amomum subulatum, ni ya Nepal, Sikkim na Bhutan, na hukaushwa juu ya moto, hivyo huja na moshi na kafuri. Kwa vitamu na vinywaji, kijani. Kwa nyama ya kupikwa muda mrefu na dengu, nyeusi, tena moja inatosha chungu kizima. Nyeusi kwenye keki ni msiba. Ile nyeupe ni kijani iliyopaushwa, na harufu yake imepungua, kwa hiyo siinunui.

Mbegu ndogo: bizari nyembamba, kisibiti, shamari na giligilani

Zote nne ni za familia moja na karoti, ndiyo sababu zinafanana. Bizari nyembamba, iliyotoka mashariki mwa Mediterania na Asia Magharibi na sasa inalimwa zaidi India, imenyooka, ina rangi ya majani makavu na vinywele vidogo sana. Kisibiti, cha Ulaya na Asia Magharibi, kimepinda, ni cheusi zaidi na laini. Nusa: ya kwanza ni nzito na inafanana na jasho la kupendeza, ikiwa kuna kitu kama hicho, ya pili ni ya kupoza, karibu na mnanaa. Bizari hukaangwa katika mafuta mwanzoni mwa mchuzi au kuchomwa kavu na kusagwa. Kisibiti ni cha mikate ya shayiri nyeusi, kabichi na jibini. Kubadilishana kwao hakuleti madhara, huleta tu chakula kingine.

Shamari ni kubwa zaidi, ya kijani, na utamu wake unatokana na anetholi. Huendana na samaki, soseji na mchuzi wa nyanya. Giligilani ndiyo mbegu ninayoona inadharauliwa. Ni ya duara, ina uchungwa na ulimau kwa mbali, na hufanya mchanganyiko mzima wa viungo ushikamane bila yenyewe kuonekana. Anayeanza kujinunulia viungo aichukue pamoja na bizari nyembamba kabla ya kitu kingine chochote. Ila mbegu hizo hazichukui nafasi ya majani ya kotmiri, ijapokuwa mmea ni mmoja.

Tangawizi mbichi au kavu, karafuu au pimento

Tangawizi inapokaushwa hubadilika kikemia: jinjeroli inageuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Kwa hiyo unga si mbichi iliyopungukiwa maji, ni kiungo kingine. Mbichi ina ulimau na ina kimeng'enya kinacholainisha nyama, lakini hicho hicho hukatisha maziwa ikitiwa kabla hayajachemka. Kwa marinadi na kukaanga, mbichi. Kwa biskuti na keki, kavu.

Karafuu ni matumba makavu ya mti wa visiwa vya Maluku, kama Ternate na Tidore. Meli ya Victoria iliyokamilisha safari ya Magellan mwaka 1522 ilirudi Hispania ikiwa imeibeba, na katika karne ya 19 Zanzibar na Pemba zikawa vituo vyake vikuu. Pimento ni tunda kavu la Pimenta dioica kutoka Jamaika na Amerika ya Kati, na eujeno yake huifanya inukie karafuu, kungumanga na mdalasini kwa pamoja. Pimento ni ngumu kuikosea kipimo. Karafuu ikizidi mbili tatu hutia ganzi ulimi na kufunika kila kitu. Kwa mkono usio na uzoefu ningependekeza pimento.

Nzima au unga

Pilipili manga, kungumanga, iliki, karafuu na mbegu zote ndogo zinunuliwe nzima, kwa kuwa mafuta yake hutoroka mara tu zinaposagwa. Manjano na tangawizi kavu ni ngumu mno kusaga nyumbani, hivyo nunua unga wake kwa kiasi kidogo. Mdalasini ushike wa namna zote mbili. Chupa zikae mbali na jiko na dirisha, hasa manjano na pilipili nyekundu iliyosagwa, ambazo rangi yake ikishapauka, harufu nayo huwa imeshaondoka.